Mlango Uleule

Gego la juu, kulia. Walilichimba Mtwara mjini
mwaka ule korosho zilipopanda bei,
wakalijaza, wakalifunika,
nikapanda Newala natafuna muhogo wa kuchoma
kama mtu aliyemaliza deni.

Miaka minne lilinyamaza.
Wa tano, ufizi ukaota kipele,
kidogo, punje ya ufuta,
kinapasuka usiku, kinaacha chumvi ulimini,
kinajifunga, kinaota tena.

Ghalani ninakoandika mizani
kila mtu akawa mganga.
Dawa ya jino ni kung'oa, alisema Ditrik, gunia begani,
na methali ikishasemwa na mwenye gunia
nani atabisha?
Mke wangu Somoe hakusema kitu.
Alianza tu kunipakulia minofu, mifupa akabaki nayo yeye.

Daktari Benigna Nantanga aliishika picha dirishani,
umeme ulikuwa umekatika.
"Mizizi mitatu, njia nne.
Tatu zilisafishwa vizuri. Hii ya nne haikuonekana,
na humu ndimo wapangaji walimobaki."

Si ung'oe tu?

"Kung'oa hakuna haraka, kutanisubiri.
Kupasua ufizi nikakata ncha ya mzizi, nako kutasubiri.
Kwanza turudi kwa mlango uleule."

Ganzi. Kisha mpira mwembamba wa buluu
ukaliacha jino peke yake,
kisiki katika shamba lililofyekwa.
Akatoboa kifuniko cha mwenzake
nami nikasubiri tusi,
maana fundi wa pili, awe wa paa au wa redio,
huanza kwa kuuliza: nani alikufanyia hivi?
Hakuuliza.
Alidondosha dawa yenye harufu ya machungwa
na ule ujazo wa zamani, rangi ya waridi,
ukalegea, ukatoka nyuzi nyuzi,
miaka mitano yangu juu ya pamba.

Mahali fulani mkono ukasimama.
"Kuna ncha ya sindano ilikatikia humu, siku ile ya kwanza.
Nimeijaribu mara mbili.
Nikiing'ang'ania nitakula ukuta wa mzizi.
Naipita pembeni, ibaki."
Nilitaka kumwambia habari za kaka yangu wa Kitangari
na mpaka wa shamba tuliogombea,
lakini mdomo haukuwa wangu.

Akapapasa sakafu ya jino kwa chuma chembamba
polepole, kama atafutaye tundu la ufunguo gizani,
mpaka kikanasa.
"Huyu hapa."

Akaiosha hiyo njia kwa maji yanayonuka jiki,
akaosha, akangoja, akaosha.
Nami chali, macho darini,
nikafikiri Shimo la Mungu,
tunavyosimama ukingoni asubuhi, ukungu umejaa bonde,
tukawaambia wageni: halina chini hili.
Chini ipo.
Kuna watu kule wanawasha moto wa uji.

Akaweka dawa nyeupe kama chokaa, akafunga kwa muda.
Wiki tatu, akasema. Na sikuapii.
Ikishindikana, koleo ninalo, liko kabatini.
Nikalipa nusu. Pesa za mnada wa pili zilikuwa hazijaingia
na karani aliyezisubiri ni mimi mwenyewe.

Wiki tatu. Kipele kikanywea,
ufizi ukawa ufizi.
Akajaza njia zote nne, akavika jino kofia,
akaandika tarehe ya miezi sita mbele
kwa mwandiko wa mtu asiyeamini furaha ya haraka.

"Limetoka?" Ditrik akauliza.
Nikaachama. Akachungulia, vumbi la korosho kwenye nyusi.
"Mbona lipo?"
Lipo.

Na kila alfajiri, kabla sijamwamkia mtu,
ulimi wangu hupanda kule juu kukagua,
mlinzi wa ghala na tochi yake,
hupita, hugusa, hurudi tena kugusa.
Leo hakuna punje.